Uta na Bunduki: Silaha ya Wasasi wa Kiwaata katika Historia ya Nyika ya Kenya

Utangulizi

Waswahili husema kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Husema tena kwamba mtu asiache mbachao kwa msala upitao. Methali hizi mbili zavutana, na katika mvutano huo ndimo ilimo historia ya silaha moja iliyodumu katika nyika ya Kenya muda mrefu baada ya silaha mpya kuwasili, nayo ni uta wa Waata.

Mara nyingi habari za silaha huandikwa kana kwamba ni ngazi. Jiwe lilifuatwa na mkuki, mkuki ukafuatwa na uta, na uta ukafuatwa na bunduki. Kila kidato kikapandwa na kile cha chini kikasahauliwa. Kwa mtazamo huo, mtu aliyeendelea kuwinda kwa uta wa zamani ilhali bunduki zinauzwa pwani huhesabiwa kuwa ama alikuwa maskini mno asiweze kununua, ama alikuwa mjinga asijue manufaa ya kitu kipya. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo haiafikiani na ushahidi. Waata waliijua bunduki, na walifanya biashara na watu waliokuwa nayo. Waliushika uta kwa sababu katika kazi yao uliwafaa zaidi. Na hatimaye walipouacha, haukushindwa na chombo bora kuliko wenyewe, bali na sheria.

Waata na majina yao

Waata ni wenyeji wa nyika iliyo nyuma ya pwani ya Kenya, hasa sehemu za Mto Tana na Mto Sabaki, ambao huko bara huitwa Galana, mpaka nchi ya Tsavo. Lugha yao ni ya jamii ya Kikushi, na inakaribiana sana na Kioromo. Wao wenyewe hujiita Waata. Wagiriama huwaita Walangulo, na kutokana na jina hilo Waingereza wakaandika Waliangulu. Waswahili waliwaita Wasanye, jina ambalo limetumiwa pia kwa Wadahalo wa upande wa Lamu, ingawa lugha ya Wadahalo ni nyingine na ina sauti za vidoko ambazo hazimo katika Kiwaata.

Wingi huu wa majina si jambo la kupita tu. Unaonyesha kwamba kila taifa jirani liliwaona Waata kwa jicho lake, na aghalabu kwa kupitia kile walichokileta: nyama, asali na pembe za ndovu. Hawakuwa wakulima wala wafugaji. Waliishi kandokando ya wenye mashamba na wenye ng'ombe, wakawa wajuzi wa pori, na ujuzi huo ukawa ndio mali yao.

Ushahidi wa maneno

Kabla ya kuitazama silaha yenyewe, yafaa kuyatazama maneno ambayo Kiswahili kimeyahifadhi. Neno uta, ambalo wingi wake ni mata, ni la asili ya Kibantu na lina umri mkubwa. Wakikuyu na Wakamba husema ũta. Wagiriama husema uha, kwa kuwa sauti t ya Kiswahili mahali kama hapo huwa h katika Kigiriama, kama vile tatu ya Waswahili ilivyo hahu kwa Wagiriama. Neno la pili, upinde, latokana na kitenzi kupinda, nalo laeleza umbo la kitu kuliko kazi yake.

Sehemu za silaha hii nazo zina majina ya nyumbani. Uti wa mshale ni wano. Ncha yake ya chuma ni chembe, au kigumba. Kamba ya uta ni upote. Mfuko wa kuchukulia mishale ni podo. Kwa upande wa pili, silaha mpya ilikuja na majina ya ng'ambo. Bunduki, risasi na baruti ni maneno yaliyoingia Kiswahili kwa njia ya Kiarabu, na neno risasi katika asili yake ni jina la madini yenyewe.

Historia ya maneno si lazima iwe ndiyo historia ya vitu, na mtafiti hana budi kujihadhari. Hata hivyo, tofauti hii yaashiria jambo la kweli. Vitu vya uta vilipatikana kwa jirani: mti ulikatwa porini, kano zilitoka kwa mnyama, manyoya kwa ndege, na chembe kwa mhunzi. Vitu vya bunduki vilinunuliwa, na havikununuliwa mara moja bali kila siku. Aliyenunua bunduki alijifunga kwa mwenye duka la baruti na risasi muda wote wa maisha ya bunduki ile.

Uta wenyewe

Uta wa Waata haukuwa kitu chepesi. Ulichongwa kutoka kwa mti mmoja usiounganishwa, na urefu wake ulikaribia kimo cha mtu. Mata yao yaliyo makubwa yalihitaji nguvu ya zaidi ya ratili 100 ili kuvutwa kikamilifu, na wageni wengi wenye misuli waliojaribu walishindwa kuyafikisha mwisho. Katika historia ya dunia, uta unaostahili kulinganishwa nao ni ule mrefu wa Waingereza wa zama za kati. Merikebu ya vita iitwayo Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuopolewa mwaka 1982, ilikutwa na mata zaidi ya 100, na wataalamu walipoyapima waliona kwamba mengi yalihitaji nguvu ya ratili 100 na zaidi. Lakini uta wa Waingereza ulikuwa wa kumpiga mtu kutoka mbali. Ule wa Waata ulikuwa wa kumpiga ndovu kutoka karibu, ili mshale uipenye ngozi nene na kuzama ndani ya mwili. Majirani wao Wakamba, ambao pia ni wapiga mishale mashuhuri, walitumia uta mfupi na mwepesi zaidi.

Nguvu hiyo haikupatikana kwa siku moja. Kijana alianza kwa uta mdogo, akaongezewa kadiri mwili wake ulivyokua, hata akaufikia wa watu wazima. Kwa hiyo mtu na uta wake walikuwa kitu kimoja: mkono ulijifunza mti, na mti ukauzoea mkono. Hapa ndipo panapoeleweka kwa nini msasi hakuwa na haraka ya kuuacha uta aliouzoea akachukua mwingine, sembuse bunduki. Uta wa mti mmoja una uzee wake. Ukiachwa umetiwa upote usiku na mchana, huzoea kupinda na kupoteza nguvu. Ukikauka mno huvunjika. Hivyo mwenye uta huulegeza upote kazi inapokwisha, huupaka mafuta mti wake, na hubadilisha upote unapochakaa. Uta uliotunzwa hivyo huwa unajulikana tabia yake na bwana wake, naye hujua utaupeleka wapi mshale.

Mshale ulikuwa wa vipande viwili. Mbele palikuwa na chembe ya chuma iliyoshikizwa kwenye kijiti kilichopakwa sumu. Nyuma palikuwa na wano lenye manyoya. Sehemu yenye sumu ilizungushiwa ngozi nyembamba ili isikauke wala isimdhuru mchukuzi, na ngozi hiyo ilifunguliwa tu wakati wa kupiga. Kila msasi aliitia mishale yake alama. Mnyama alipokutwa amekufa mbali, alama ilisema ni wa nani, na hakuna aliyeweza kubishana. Alama hiyo, ambayo ilikuwa hati ya mali miongoni mwa Waata, baadaye ilikuja kuwa ushahidi dhidi yao mbele ya hakimu.

Sumu

Lakini nguvu ya silaha hii haikuwa katika mti peke yake. Mshale hauui ndovu kwa jeraha lake. Huua kwa sumu. Sumu hiyo ilipikwa kutokana na mti ambao Waswahili huuita msunguti, na ambao katika elimu ya mimea huwa katika jamii ya Acokanthera. Vipande vya mti na mizizi vilichemshwa kwa saa nyingi, maji yakachujwa na kuchemshwa tena, hata yakabaki mafuta mazito meusi kama lami. Wagiriama walikuwa mabingwa wa kazi hiyo, na sumu yao iliuzwa mbali na nchi yao. Basi uwindaji wa Waata ulitegemea soko na ujuzi wa jirani. Haukuwa kazi ya watu waliojitenga.

Ubora wa sumu ulijaribiwa kabla ya kutumiwa. Husimuliwa kwamba mtu alijichanja kidogo, akaiacha damu itiririke kwenye ngozi, kisha akaigusisha sumu kwenye ncha ya mtiririko ule, mbali na jeraha. Damu ikageuka rangi, na weusi ukapanda kuelekea juu. Aliufuta kabla haujafika kwenye jeraha. Kwa kutazama kasi ya weusi huo, alijua kama sumu ni kali au imepoa.

Elimu ya kisasa imethibitisha kwamba wapishi hao hawakuwa wakicheza. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa aitwaye Arnaud aliitenga sumu hii, nayo ikaitwa wabaini, jina litokanalo na neno la Kisomali waabaayo. Kabla ya hapo, katika msafara wa Livingstone wa Zambezi, John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza huko Unguja, aligundua kwamba mswaki wake uliogusana na sumu ya mishale ya mmea mwingine, kombe, uliyabadilisha mapigo ya moyo wake. Kutokana na sumu za namna hii zikapatikana dawa za moyo. Mwaka 1957 mwanasayansi Mdenmaki Jens Christian Skou alieleza jinsi chembechembe za mwili zinavyosukuma chumvi ndani na nje, na wabaini ukawa chombo muhimu cha kuuchunguza utaratibu huo. Kwa ugunduzi wake alitunukiwa Nishani ya Nobel mwaka 1997. Sumu hii huuzuia utaratibu huo, na moyo wa mnyama husimama. Kwa kuwa haipenyi kwa urahisi kupitia tumboni, nyama ya mnyama huweza kuliwa baada ya kukata sehemu iliyozunguka jeraha. Mambo haya Waata na Wagiriama waliyajua kwa vitendo kabla hayajaandikwa katika maabara yoyote.

Bunduki ilipofika

Biashara ya pembe katika pwani hii ni ya kale. Kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza kinachoeleza safari za Bahari ya Hindi chataja pembe zilizotoka Rhapta. Al-Masudi, katika karne ya kumi, aeleza kwamba pembe za nchi ya Wazanji zilipelekwa Omani, na kutoka huko zikafika Bara Hindi na China. Katika karne ya kumi na tisa misafara ya Wakamba ilishuka Mombasa na pembe, na miongoni mwa wakuu wake alikuwa Kivoi, ambaye mmisionari Krapf alimtembelea mwaka 1849 na ambaye aliuawa mwaka 1851. Sehemu ya pembe hizo zote ilianzia mikononi mwa wasasi wenye mata.

Katika karne hiyohiyo bunduki ziliingia kwa wingi. Kufikia miaka ya 1880, zilizopitia Unguja zilihesabiwa kwa maelfu mengi kila mwaka, na katika Unyamwezi wasasi wengi walizichukua. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulijaribu kuzizuia. Swali basi ni hili: kwa nini Waata hawakufuata mkumbo?

Jibu la kwanza ni kwamba gobore la wakati ule halikuwa silaha ya ajabu kama inavyodhaniwa. Lilijazwa kwa mdomo, lilichukua muda kupigwa tena, na baruti iliyoingia unyevu haikuwaka. Kumwangusha ndovu kwa gobore moja ilikuwa bahati. Aghalabu watu wengi walipiga pamoja. Jibu la pili ni ukimya. Mlio wa bunduki hulitimua kundi zima na kuwaarifu watu walio mbali kwamba pana pembe. Mshale hauna mlio. Msasi aliyenyata kinyume cha upepo hadi hatua chache tu aliweza kumpiga mnyama tumboni, akajificha, kisha akamfuata polepole. Jibu la tatu ni gharama ambayo imekwisha kutajwa, yaani utumwa wa duka. Jibu la nne, ambalo pengine ni kubwa kuliko yote, ni kwamba ujuzi wa uta ulikuwa heshima. Mtu alijulikana kwa uta aliouweza. Bunduki humfanya mwenye nguvu na dhaifu kuwa sawa, na jamii iliyojengwa juu ya umahiri haina sababu ya kuufurahia usawa wa namna hiyo.

Yafaa isisemwe kwamba uta ulikuwa bora mahali pote. Mwaka 1914 Wagiriama, baada ya uchochezi wa Mekatilili wa Menza, walipigana na askari wa King's African Rifles kwa mata na mishale, wakashindwa. Katika vita, mbele ya bunduki za kisasa, uta haukufua dafu. Ubora wa chombo hupimwa kwa kazi yake. Uta ulioshindwa vitani mwaka 1914 uliendelea kushinda porini kwa zaidi ya miaka arobaini.

Sheria

Mwezi Mei mwaka 1900 mataifa ya Ulaya yenye makoloni yalitia saini huko London mapatano ya kuwahifadhi wanyama wa Afrika. Kutokana na fikra hizo zikatungwa sheria za leseni katika nchi ambayo sasa ni Kenya. Mgeni aliyetaka kuwinda kama mchezo alilipa rupia 750, kiasi ambacho Mwafrika wa nyika hakuwa na njia ya kukipata, na aliyelipa aliweza kuua ndovu kwa bunduki bila kosa. Msasi wa uta, ambaye babu zake waliwinda hapo kabla ya mpaka wowote kuchorwa, akawa mwizi. Tangu hapo lugha nayo ikabadilika: aliyelipa ni mwindaji, asiyelipa ni jangili.

Mwaka 1948 Mbuga ya Taifa ya Tsavo ilianzishwa, na sehemu kubwa ya nchi ya Waata ikawa ndani yake. Katika miaka ya 1956 na 1957 David Sheldrick, Bill Woodley na wenzao waliendesha kampeni kali dhidi ya uwindaji huo, wakitumia mbinu zilizotokana na vita vya Hali ya Hatari. Mamia walikamatwa na kufungwa, na alama za mishale zikawasaidia wakuu wa mbuga kujua nani aliyeua mnyama yupi. Haki yataka isemwe kwamba wasiwasi wa wakuu hao haukuwa wa kubuni. Bei ya pembe iliwavutia wachuuzi wengi, na mizoga iliyokutwa ilikuwa mingi. Lakini aliyefungwa kwa kawaida ni mwenye uta. Mnunuzi wa pwani, ambaye faida yake ilikuwa kubwa zaidi, hakuacha alama juu ya chembe.

Wako miongoni mwa watawala hao walioliona tatizo hili. Mnamo 1960, upande wa mashariki ya mbuga, ulianzishwa mpango wa Galana chini ya Ian Parker, ili Waata wapate riziki halali kutokana na wanyama. Watu waliajiriwa, na ujuzi wao wa kufuata nyayo ukatumiwa. Hata hivyo, silaha ya kazi ikawa bunduki, na msasi akawa kibarua. Kabla ya muongo ule kwisha, mpango ukageuka kuwa shamba la mifugo.

Yaliyofuata yanatoa funzo chungu. Baada ya mata kunyamaza, ndovu wa Tsavo waliongezeka, wakaiangusha miti mingi, na katika ukame wa 1970 na 1971 maelfu wakafa kwa njaa. Kisha bei ya pembe ikapanda, na wakaja majangili wa aina mpya wenye bunduki za rashasha. Uwindaji wa leseni ulipigwa marufuku mwaka 1977, lakini mauaji yakaendelea. Ndovu wa Kenya, ambao kwa hesabu inayotajwa mara nyingi walikuwa 167,000 mwaka 1973, hawakuzidi sana 16,000 kufikia mwaka 1989, mwaka ambao Rais Moi alizichoma tani 12 za pembe jijini Nairobi. Hesabu ya taifa ya mwaka 2021 iliwapata ndovu 36,280. Uta uliowinda kwa karne nyingi haukuwahi kufanya kazi ambayo rashasha iliifanya katika miaka kumi na sita.

Tamati

Haimaanishi kwamba uta urudishwe porini. Idadi ya watu na ya wanyama imebadilika, na sheria ya leo ina sababu zake. Kinachodaiwa hapa ni hukumu ya haki juu ya wakati uliopita. Waata hawakuushika uta wa kale kwa kukosa akili ya kuununua mpya, wala kwa kutoijua bunduki. Walivipima vyombo viwili kwa mizani ya kazi yao, gharama yake, na heshima yake, wakachagua. Uchaguzi huo ulikuwa na elimu ya mimea, ya mwili wa mnyama, ya mti na ya upepo.

Elimu hiyo ilikuwa ndani ya lugha, na hapo ndipo penye hatari sasa. Wazee walioweza kuufikisha uta mkubwa mwisho wa mvuto wake wamebaki wachache, na vijana wao wengi husema Kigiriama na Kiswahili nyumbani. Katika Kiswahili chenyewe, wano na upote ni maneno ambayo mwanafunzi huyakuta katika kamusi tu, na upinde humjia akilini kwanza kwa mvua. Wanafunzi wa lugha za Kiafrika wanapokwenda nyanjani Kilifi na Tana River kukusanya ngano na nyimbo, yafaa wakusanye pia majina ya miti, ya alama za mishale, ya hatua za kupika sumu na ya namna za kunyata. Kwa jina la kila alama kuna ukoo, na kwa kila ukoo kuna mtu anayejua, au ambaye baba yake alijua, ndovu yupi aliangukia wapi na kwa mshale wa nani.